Meja na Mama za Walinzi

Kila jioni, basi la walinzi lilipofika kambini Muaither, Meja Cornelius Mukhwana alisimama langoni, mikono nyuma, akiwatazama wakishuka kama mtu anayechagua kuku sokoni. Akishampata wa siku hiyo, alinyoosha kiganja bila neno. Mlinzi alijua la kufanya. Alitoa simu, akaifungua, akamkabidhi. Meja alipangusa kioo kwa kitambaa cheupe, mbele na nyuma, kana kwamba simu ile imeokotwa jalalani, kisha akasema, "Nipigie mama."

Mama aliyetakiwa ni mama wa mlinzi, kule nyumbani, eneo bunge la Kisambeli. Simu ikipokewa, sauti ya Meja iligeuka. Ile iliyozoea kubweka iliingia asali.

"Mulembe, mayi! Hujambo, mama! Ni Meja huyu, niko Doha na kijana wako. Anakula vizuri, mashavu yamejaa. Wewe lala usingizi, mimi ndiye baba yake huku."

Mama alishukuru, halafu akaomba. Meja alifumba macho kuyapokea maombi mpaka amina, akamrudishia mlinzi simu bila kumtazama, akaenda kunawa mikono. Salio lililotumika lilikuwa la mlinzi.

Nasimiyu aliyaona hayo kila siku kupitia dirisha la ofisi. Yeye alikuwa karani wa zamu. Chuo kikuu alisomea ukutubi, akarudi kwao na shahada isiyo na maktaba ya kuihitaji, ndipo akaja Doha kupanga nani alinde lango gani. Chini ya meza hakukosa kitabu. Angeweza kumaliza siku nzima bila kusema zaidi ya "ndiyo, afande", na simu ilipolia alitamani mtu mwingine aipokee. Jioni, akisubiri usafiri wa kurudi chumbani kwake Fereej Bin Mahmoud, hakuwa na pengine pa kuelekeza macho ila pale langoni.

Mwanzoni walinzi walicheka.

"Leo Meja amemchumbia mama yangu tena," Tevin alisema siku moja. "Nikipiga simu nyumbani siulizwi nimekula nini. Naulizwa, 'Meja hajambo?' Mimi sasa ni mtoto wa kambo, bana."

"Afadhali wewe," mwenzake akamjibu. "Wangu ameshaipachika picha yake ukutani. Ya marehemu baba imehamishiwa jikoni."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Nasimiyu naye alitabasamu, akarudi kwenye kitabu chake.

Meja alikuwa na historia, na alipenda isimuliwe. Katika simulizi zake, jeshini aliongoza vijana mstari wa mbele. Walinzi waliotoka kijijini kwake walisema mstari aliouongoza ni wa magunia ya mchele, kwani alikuwa afisa wa ghala mpaka alipostaafu. Mwaka 2007 aligombea udiwani akiwa amevaa kofia ya kijeshi, akashinda. Alichokiacha ni jiwe la msingi la choo cha soko, lenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Choo chenyewe hakikuja, na wachuuzi wakawa wanajisaidia nyuma ya jiwe. Mwaka 2013 alitaka ubunge, wakamwangusha vibaya. Mwaka uliofuata kampuni moja ya ulinzi ikamwajiri Doha kuwa mkuu wa kambi, na hapo ndipo alipogundua kwamba nusu ya walinzi wake wametoka Kisambeli. Walioko Doha hawangeweza kupiga kura za nyumbani, lakini kila mmoja wao alikuwa na mama, na kila mama alikuwa na majirani.

Watu wa Kisambeli waishio Doha wakamfanya mwenyekiti wa umoja wao. Ijumaa, siku ya mapumziko, badala ya kufua na kulala waliketi wakisikiliza hotuba zake za kuutaka tena ubunge mwaka 2017, na jinsi mchujo wa chama chake mwezi wa Aprili utakavyoamua nani agombee. "Siasa ni kama lindo," aliwaambia. "Haondoki mtu langoni mpaka aondolewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri yake kuu kazini pia. Mlinzi haondoki langoni. Aliyekutwa ametoka, hata kama ni kwenda haja, alikatwa mshahara wa siku. Sasa kule Al Wukair, ambako majumba mapya yalikuwa yakijengwa, choo kilikuwa mbali, ng'ambo ya eneo la ujenzi. Walinzi wakajifunza dawa yao wenyewe: kutokunywa maji. Asubuhi walilowesha midomo, basi. Walifundishana hivyo kama mtu anavyofundishwa kufunga kamba za viatu, na waliona ni ujanja. Jua la kiangazi liliwakausha kama dagaa, nao wakajisifu kwamba hawajakatwa hata siku moja.

Levis alikuwa fundi wa ujanja huo. Kijana mpole, mrefu, aliyepita ofisini kumwuliza Nasimiyu, "Leo wanasemaje humo kitabuni?" na asisubiri jibu, maana alijua jibu la Nasimiyu huchelewa. Alimaliza viangazi viwili Al Wukair. Mama yake, Proscovia, aliongoza chama cha akina mama kilichojulikana Kisambeli nzima, na mwanasiasa asiyepita kwake alijua amepoteza soko. Kwa hiyo simu ya Levis ndiyo iliyopanguswa mara nyingi kuliko zote.

Februari 2017 Levis alianguka langoni. Miguu ilikuwa imevimba siku nyingi, akaificha ndani ya buti. Hospitalini wakasema figo zimechoka, akalazwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine. Meja alikwenda kumwona mara moja, akarudi na simu ya Levis mfukoni.

"Naitunza," alimwambia Nasimiyu. "Mgonjwa anahitaji utulivu."

Kesho yake simu hiyo ililia juu ya meza ya Meja, na ukuta wa mbao uliokuwa kati yao haukuzuia neno. Aliiweka kwa sauti ya juu, kama kawaida yake.

"Mulembe, mayi! La, ni mimi Meja. Levis? Sikiliza habari njema. Tumemchagua kwenda kozi. Huko simu haziruhusiwi, unajua mambo ya kijeshi. Akitoka, atatoka na cheo."

Kule nyumbani Proscovia alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha mwanamke anayejua kazi hiyo, na wanawake wengine waliokuwa karibu naye wakakidaka. Ofisi nzima ya mabati ikajaa shangwe. Nasimiyu alichungulia upenyoni. Meja alikuwa amefumba macho, uso umeinuka, anatabasamu, anakunywa kile kigelegele kama chai ya maziwa. Nasimiyu alitoka nje, akasimama nyuma ya matangi ya maji mpaka shangwe ikaisha.

Simu ziliendelea. Kozi ikasonga mbele, Levis akafaulu mtihani wa kwanza, akafaulu wa pili. Kila kigelegele kilimrudisha Nasimiyu nyuma ya matangi.

Ijumaa moja alishindwa kuvumilia. Alimwomba Jennifer, muuguzi wa kwao aliyefanya kazi katika wodi aliyolazwa Levis, amwingize saa za kutazama wagonjwa. Levis alikuwa amefura uso mpaka macho yakawa nyufa.

"Mama anasemaje?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hujaongea naye?"

"Meja alisema ameshamweleza kila kitu. Eti presha imempanda, anaombea tu, nisimsumbue mpaka atulie. Lakini mama yangu, Nasimiyu, nikikohoa tu alikuwa anapanda kitandani kwangu. Sielewi. Labda amenichoka."

Nasimiyu alitoa simu yake. Hata kumpigia muuza maji kulimpa jasho. Levis alizitaja namba kwa kichwa. Ilipoita, Nasimiyu alitaka kukata, lakini Proscovia alikuwa tayari hewani.

"Mama, shikamoo. Naitwa Nasimiyu, nafanya kazi na Levis. Nina... subiri, huyu hapa."

"Mama," Levis alisema.

"Baba yangu! Kumbe kozini wamekuachia simu?"

"Kozi gani, mama?"

Kuku alisikika, na mtu akisukuma toroli.

"Uko wapi, Levis?"

"Hospitali. Si Meja alikwambia? Figo. Nimekuwa hapa tangu mwezi uliopita."

Proscovia hakulia. Aliuliza maswali kama anayepima mahindi: anakula nini, anakojoa, nani anamfulia, daktari anaitwaje. Mwisho akasema, "Nataka mtoto wangu arudi nyumbani, nimwone kwa macho yangu. Mpe simu huyo binti." Na kwa Nasimiyu akasema, "Umenizalia mtoto wangu mara ya pili, mwanangu. Sasa huyo Meja niachie mimi."

Nasimiyu alisubiri radi ipige kambini. Aliwaza Meja atafukuzwa, au ataona aibu, au angalau atanyamaza. Walinzi nao walisubiri, maana habari hazina mlango.

"Safari hii mama Levis atamla mbichi," alisema Tevin.

Lakini Meja alikuwa ameshaanguka kabla ya hapo na alijua namna ya kutua. Aliongea na Proscovia mchana kutwa, mlango umefungwa. Alikiri alificha, akasema alificha kwa huruma. Akaahidi kumleta Levis mwenyewe, kwa tiketi yake, mpaka mikononi mwake. Proscovia alimjibu sentensi moja, ambayo baadaye Levis aliirudia kwa Nasimiyu: "Lete mtoto, mengine tutaongea." Mama mwenye mtoto mgonjwa ng'ambo hana nafasi ya kuchagua mkono utakaomvusha.

Madaktari waliporuhusu asafiri, Meja akaingia ofisini akiwa amevaa suti ya kijani yenye vifungo vya shaba. Alikuwa ameshachukua likizo mpaka mwisho wa Aprili.

"Binti, wewe umesoma," alisema, akimwekea Nasimiyu karatasi nyeupe mezani. "Niandikie maneno machache, Kiswahili cha kupendeza. Nitamsukuma kijana mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, kutoka uwanja wa ndege mpaka nje. Waandishi watakuwepo, na akina mama wa chama wote. Anza hivi: Askari wa kweli harudi kambini bila mwenzake."

Nasimiyu aliitazama karatasi. Hakuishika kalamu. Katika miaka yote hakuwahi kumwuliza mtu huyu swali lolote, na sasa lilimtoka kwa sauti ndogo, akiitazama meza.

"Afande, kama nisingempigia mamake, ungemwambia lini?"

Meja hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa ratiba ya basi.

"Baada ya mchujo," alisema.