Breki za Mwalimu Lusubilo

Mume wangu Kasiani ni fundi magari hapa Tunduma tangu mwaka themanini na sita, na sisemi kwa kuwa ni wangu: ni fundi mzuri. Mbishi, hana haraka, gari bovu halimtishi. Angekuwa fundi wa kubabaisha, nisingekuwa na la kueleza, maana nani angemwamini?

Wakati wa kampeni za mwaka 2005, Mwalimu Lusubilo, mgombea udiwani wa upinzani, alileta pikapu yake inavuja mafuta ya breki. Kasiani akaziba panapovuja, lakini mafuta ya kujazia hakuwa nayo, na mwalimu anachelewa mkutano. Akafanya wanachofanya mafundi wengi wa barabara hii: akachota maji ya sabuni, akajazia. Kwenye tambarare gari linakufikisha duka la mbele bila shida. Alidhani mwalimu anaishia Mpemba tu, mji wa jirani. Hakumuuliza, wala hakumwambia alichoweka. Maji yale yalitoka kwenye beseni langu la kufulia, na nilimsogezea mwenyewe.

Mwalimu alikuwa anakwenda Kamsamba, mbali kule bondeni. Kwenye mteremko ule mrefu breki zikapata moto, maji yakachemka, pedeli ikazama. Gari likatumbukia korongoni, akafa palepale.

Juu ya mteremko huo palikuwa na mnara mpya wa simu. Kabla hata hatujazika, kijiwe kizima kilishajua: huo si mnara, ni mtambo wa siri wa serikali, unalegeza breki za mtu kwa mionzi ukiwa mbali. Wakaja msibani kumuuliza fundi. Mjane, Atupele, alikuwa kwenye mkeka, anamtazama.

"Breki zilikuwa nzima," Kasiani akasema. "Nilizitengeneza kwa mikono yangu."

Nilimsikia, nikainama. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na fundi kathibitisha.

Wiki hiyohiyo wakamvamia mlinzi wa mnara, Makoye, Msukuma wa watu aliyekuwa na kibarua chake cha kulinda jenereta. Wakamvunja mguu. Siku hiyo sisi tulijifungia ndani.

Miaka saba tulikula na kulala kama watu wema. Mwaka 2012 tukaenda mnadani Kamsamba kutafuta mchele, tukamwona Makoye anachechemea nyuma ya ng'ombe. Tulitaka kujificha. Yeye ndiye aliyetufuata, akamwamkia Kasiani kwa heshima, akatuvuta pembeni.

"Fundi, walionipiga siwalaumu," akasema. "Nililinda kitu kilichomuua mwalimu, na sikujua. Kila siku namwomba Mungu anisamehe."

Kasiani akamuaga haraka, tukaondoka. Mchele hatukununua. Njiani akaniambia ni lazima twende kwa Atupele, kwa sababu yeye akisema mnara hauna kosa, watu watamsikia, na Makoye atautua ule mzigo ambao si wake.

Tulimweleza Atupele yote, maji, beseni na uongo wa msibani. Mimi nilithibitisha kila neno. Alisikiliza bila kulia, kisha akainuka akafunga dirisha.

"Baba Dennis," akamwambia Kasiani kwa sauti ya chini, "na wewe watu wa serikali wamekufikia?"

"Hakuna aliyenifikia. Nimemuua mimi."

"Basi, yaishe. Najua wanavyotisha watu. Ulisema kweli siku ya msiba, na mimi sitakudai zaidi."

Kasiani akaapa. Kila alivyozidi kuapa, ndivyo mama wa watu alivyozidi kumhurumia, mpaka akatusindikiza njiani tusije tukadhurika.

Jumapili mchungaji akamwita mbele, aombewe kama mtu anayesakamwa na wakubwa kwa kusema kweli. Atupele ndiye aliyeomba hivyo. Kasiani akapiga magoti analia, wazee wakamwekea mikono, kanisa zima likaitika amina. Nilikuwa nimesimama karibu, na mdomo ninao. Nikanyoosha mkono, nikauweka begani kwake pamoja na ya wenzangu.