Mtoto Aliyezuiwa Mpakani

Harufu ya breki zilizoungua ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Malori yalipanga foleni mbele ya nyumba yetu pale Tunduma, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na moshi wa dizeli uliingia mpaka kwenye chai. Wengine wakikumbuka baridi ya Juni wanakumbuka blanketi. Mimi nakumbuka matairi, maturubai yaliyolowa umande, na mama mmoja wa Nakonde, Bana Chanda, aliyevuka kila asubuhi na beseni la chikanda, ile keki ya mizizi ya porini na karanga, akiitangaza kwa sauti ya kuamsha wafu. Nakonde ni ng'ambo tu ya barabara. Hata kuku wetu walikwenda kule kudonoa na kurudi bila mtu kuwauliza hati.

Baba alikuwa wakala wa forodha, kazi yake kugomboa mizigo ya watu. Alikuwa mcheshi, madereva walimpenda, na ucheshi huohuo aliuleta nyumbani, ambako ulitutoa machozi. Hakuwa akipiga watoto, na alijisifu kwa hilo. Mtoto akikosa, baba alitangaza tukiwa tunakula: "Huyu amezuiwa. Hajagongewa muhuri." Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, kumjibu wala kumtazama usoni. Chakula alipewa, lakini alisogezewa kama anavyosogezewa paka. Baba akiridhika alimwita, akamgonga paji la uso kwa ngumi na kusema, "Pita!" Hapo nyumba nzima ilianza kuongea naye tena kana kwamba alikuwa safarini. Mimi nilizuiwa mara nyingi, kwa kikombe nilichovunja, kwa kucheka kanisani. Wageni waliosimuliwa walivunjika mbavu, na jirani mmoja akaanza kuwafanyia wanawe vilevile. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini kwetu usaha ulichelewa kuonekana.

Dada yangu Tumaini alikuwa na miaka kumi na minne mwaka ule, mwepesi wa mdomo na wa miguu. Jumapili moja, sebuleni kukiwa na wageni wa kanisani, alimgeukia baba na kumuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Baba, yule mtoto wa Nakonde anayekuita baba, naye ni ndugu yetu?" Mama aliweka bakuli la maharage chini taratibu. Wageni wakagundua ghafla kwamba ugali ule ulihitaji kutazamwa kwa makini. Baba alinawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja, akasema, "Huyu amezuiwa." Kesho yake akapata habari kwamba mzigo wa mteja wake umekwama mbali ndani ya Zambia, akaufuata.

Mwanzoni Tumaini aliichukulia adhabu kama alivyoizoea. Alitukunjia sura tucheke, akatuimbia nyimbo za kutukejeli, na sisi wadogo tukaziba midomo kwa kanga ya mama. Lakini baba hakurudi upesi, na bila baba hapakuwa na wa kusema "Pita". Wiki zikafuatana. Dada akaanza kuongea na jiko, kisha na ndoo, kisha akaacha. Aliacha kuchana nywele. Alikwangua ukuta wa jikoni kwa kucha mpaka vidole vikatoa damu, na mama akapita pembeni yake kuchukua mwiko. Mwalimu wake akatuma ujumbe kwamba binti anashinda amelaza kichwa kwenye dawati. Mama akajibu kwamba ni baridi.

Baba alikuwa akipiga simu. Mama alimuuliza habari za mzigo, za barabara, za kifua chake. Habari za Tumaini hakuuliza hata mara moja. Nilikuwa mdogo, nikadhani anaogopa. Sasa mimi ni mama, najua alikuwa na hasira. Kumtaja Tumaini kungelikumbusha lile swali la Jumapili, na mama alikuwa amelikwepa kwa miaka mingi. Binti yake mwenyewe ndiye aliyelimwaga mbele ya watu. Adhabu ile ilitolewa na baba, lakini mama ndiye aliyeilisha na kuinywesha.

Bana Chanda pekee ndiye aliyejaribu. Hakujua sheria za nyumba yetu, akamsalimia dada pale mlangoni, "Muli shani, mwana wandi?" Hujambo, mwanangu. Tumaini akamtazama, midomo ikacheza, sauti isitoke. Mama akatoka mbio.

"Usimsemeshe huyo, mama. Ana adhabu ya baba yake."

"Adhabu gani hii, Mama Tumaini? Mnamfanya mtoto mzimu na bado anapumua?"

Mama akamwambia kwamba hatutaki chikanda tena. Tangu siku ile beseni lile lilipita upande wa pili wa barabara.

Dada alipoanza kukataa chakula, ndipo watu wakakumbuka kwamba yupo. Wakasema ana pepo. Waombaji wa kanisani walikuja, wakamzunguka, wakamshika kichwa na kumpigia kelele sikioni: "Toka! Sema jina lako! Umemwingiaje binti huyu?" Nilisimama mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Jumapili ile, watu wazima wa nyumba yetu kuruhusu asemeshwe, na hata hapo hawakuwa wakisema naye. Walikuwa wakisema na pepo.

Baba akarudi amenenepa, na vitenge vya mama na biskuti zetu. Tulimrukia wote. Alipomwona Tumaini amekaa pembeni akauliza, "Huyu mbona hanisalimii?" Mdogo wetu wa mwisho akamjibu kwa adabu, "Hajagongewa, baba." Baba akamtazama mama, mama akatazama vitenge. Kisha baba akacheka mpaka akakohoa. "Ala! Bado? Mbona nilisahau mimi!" Akamwendea, akamgonga paji la uso. "Pita!" Tumaini hakupepesa macho. Akamgonga tena, kwa nguvu zaidi, kichwa kikalia ukutani. "Pita, nimesema!" Biskuti zilikuwa bado mdomoni mwangu, nikazitemea kiganjani.

Hakupita. Shule aliiacha, na miaka miwili alikaa ndani akioshwa kama mtoto mchanga, hadi mama mdogo alipokuja kutoka Isongole, akatutukana wote kwa Kindali, akamchukua na kumpeleka hospitali. Huko wakaita ugonjwa wake sonona, wakampa dawa, na kitu ambacho kwetu alikuwa amenyimwa: mtu wa kukaa naye na kumsikiliza. Leo Tumaini analima maharage Isongole na anaongea, ingawa kidogo. Lakini husimama mlangoni hadi mtu amwite kwa jina ndipo aingie, na siku moja nilimkuta amesimama hivyo nje ya nyumba yake mwenyewe, ndani hamna mtu.

Siku hizi redioni wanazungumzia afya ya akili ya vijana, na shuleni kwa binti yangu yupo mwalimu wa ushauri. Nafurahi, na wivu unanikaba. Baba naye amezeeka. Ni babu mtamu, wajukuu wanamkalia mapajani, na namba za malori ya zamani anazikumbuka zote. Krismasi iliyopita aliniuliza kwa uchungu wa kweli kwa nini Tumaini haji kumwona, amemkosea nini. Mtenda husahau, hilo nalijua, lakini sikuwahi kuliona usoni kwa mtu namna ile. Nikamweleza yote, tangu bakuli la maharage.

Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Hayo tu? Mbona hata wewe nilikuwa nakuzuia, na hukuugua?"

"Mimi ulikuwa unanikumbuka, baba," nikamwambia.

Akanisogezea kikombe chake nimwongezee chai.