Mama wa Meno na Ufizi wa Mutoto

Mama mwenye kusafisha meno kwa hospitali ya mine, ile ya wachimba madini, mikono yake haitulie. Anapanga vyuma, anapangua, ananawa tena. Muntu akisema anapiga mswaki kila siku, anamucheka: «Citoyen, mwananchi wangu, meno haijue kudanganya!»

Siku moja nilisindikiza jirani yangu, alileta mutoto aliyeanza kuotesha meno ya juu mbele ya yale ya chini. Mama-mukwe wake alifuata nyuma: «Hiyo ni mukosi, haitalala mu nyumba yangu!» Mama wa meno akapitisha kidole kwa ufizi wa chini. «Bibi, ya chini ndiyo ilitangulia. Iko ndani ya nyama, naisikia.» Bibi akashusha pumuzi, akabeba mutoto kwa mugongo.

Asubuhi ile ile, mbele ya kuja, mie niligusa pale pale kwa ufizi wa chini, hakukuwa jino. Nikasema kwa sauti, bibi asikie: «Mungu ashukuriwe!» Mama wa meno akaenda kunawa tena.