Siku Baba Alipomalizia Maneno ya Mzee Mkavu

Nyinyi niliosoma nanyi shule ya Ndalu miaka ile ya elfu mbili, mnakumbuka wiki ya drama? Nani alilala! Tulipaka nywele majivu tuwe wazee, tukabandika ndevu za mahindi kidevuni, zikituwasha mpaka tunalia.

Mwalimu wetu, Madam Nasimiyu, alitunga komedi ya Mzee Mkavu, mtawala aliyepiga marufuku sukari, nyama, ngoma na kicheko. Mimi, msichana, ndiye niliyepewa huyo mzee, maana sauti yake niliijua vizuri: ilikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu chai haikuona sukari, na redio ilifunguliwa kwa habari tu. Mama alimwambia naenda Bungoma kwa “mambo ya masomo”.

Ukumbi wa mashindano kule Bungoma ulijaa pomoni, wengine wakining’inia madirishani! Nilipotokea na koti refu la mtumba kutoka Kitale, watu wakaangua kicheko. Nikakemea: “Sukari ni ya wavivu!” Wakapiga makofi, wakapiga viti. Ndipo nikamwona Baba mlangoni, kofia mkononi. Kumbe kuna mtu alimpasulia habari. Maneno yote yakanitoka. Madam alininong’oneza kutoka kando ya jukwaa, nisisikie kitu.

Mara sauti nene ikatoka mlangoni: “Na meno si ya kuonyesha watu, ni ya kutafunia!”

Ndiyo mstari wenyewe, maneno ya Baba ya mezani niliyompa Madam! Ukumbi ukalipuka, nami nikaendelea kwa moto ambao sijawahi kuuona tena. Mwishoni Mzee Mkavu alipofumaniwa jikoni na paja la kuku, Baba alikuwa akifuta machozi kwa kofia, akicheka mpaka anakohoa.

Nje nilimsogelea.

“Ati mimi naongea hivyo?”

“Ndiyo, Baba.”

“Sauti umeshika, bana.” Akainama, akashusha sauti. “Lakini hiyo ya kuku jikoni, ni nani alikuambia?”

Siku hizi wanangu huchekea simu, kila mmoja na yake, masikio yamezibwa. Nikiuliza kinachochekesha ni nini, naambiwa, “Si huwezi elewa, Mum.” Baba ameshatutoka. Laiti ningewaketisha watoto hawa katika ukumbi ule wa jasho na vumbi, wasikie kicheko kikipita kutoka bega hadi bega, mpaka kimfikie mtu ambaye nyumbani hatukuwahi kumwona akicheka.