Siku Niliyokataa Kuirusha Ndege Mwaya

Nakumbuka siku moja pale uwanja wa mpira wa Mwaya, injini inanguruma mbele ya watu wote wa kijiji, nami nimeishika ndege mkia nakataa kuiachia. Mwanangu, jana ulinionyesha kwenye simu injini za petroli za ndege ndogo za rimoti, ukaniuliza ipi ina nguvu kuliko zote. Sikukujibu, kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Leo kaa nikusimulie.

Nilikuwa msichana, wenzangu wakiniita Tumpe, nasoma ufundi wa mitambo chuoni Mbeya. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga hapa Mwaya kando ya ziwa, na tangu mwanzo hakuelewa kwa nini binti yake alale na harufu ya oili. Aliniruhusu kwa shingo upande. Wenzangu niliokua nao hawakuruhusiwa kabisa.

Pale chuoni nilikuwa na rafiki, Asajile, kijana wa Ipinda, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno. Mwalimu mmoja wa kujitolea alipomaliza mkataba wake alituachia rimoti ya ndege na vifaa vyake. Basi tukajenga ndege yetu wenyewe kwa mianzi na mbao laini, tukaifunika plastiki nyembamba. Mabawa yake yalinizidi urefu. Aliyetusimamia alikuwa Mwalimu Salehe, mtu wa Tanga, mpole wa sauti lakini hakuwa mtu wa kubembeleza.

Ikaja shughuli ya injini. Stoo kulikuwa na mbili: ya msumeno wa kupasulia mbao, na ya mashine ya kufyekea majani. Asajile aliitaka ile ya msumeno, maana ilikuwa kubwa na inapiga kelele za kishujaa. Mimi nikazipima zote mbili kwa mzani wa karakana, kisha nikaifunga ile kubwa puani mwa ndege tuone. Ndege ikainamisha pua kama mtu anayesinzia. Ili isimame sawa tungelazimika kuweka vipande vya risasi, ile metali nzito, mkiani, na ndege iliyobeba uzito huo huruka kwa taabu na kutua kwa kasi. Juu ya hayo, mtikisiko wake ungeilegeza mianzi yote. Tulibishana juma zima. Mwisho nikamwambia, "Asajile, tunatafuta injini ya ndege hii. Hatutafuti injini ya kutambia." Akacheka, akaifungua ile kubwa kwa mikono yake.

Tukaifunga ndogo, tukaitafutia propela ambayo injini hiyo ingeizungusha bila kuhema. Halafu tukakaa na karabureta. Wewe bado hujaijua vizuri, kwa hiyo sikiliza. Ina skrubu mbili za mafuta. Moja ni ya silensa, injini ikinguruma polepole. Nyingine ni ya resi, ukivuta mafuta yote. Ukifungua mno, petroli inazidi: moshi mwingi, sauti nzito ya kukohoa. Ukibana mno, petroli inapungua: sauti inakuwa kali na tamu, unadhani umepata, kumbe injini inaungua kwa ndani na itakuzimikia hewani. Tuliifanyia kazi pale Mbeya mpaka ikakaa sawa. Ikaruka vizuri.

Habari zikafika nyumbani. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema aliyependa watoto wasome, akatuma ujumbe: ileteni ndege, nitawaita wazazi. Alisema wako kina baba kadhaa ambao wakiona kwa macho yao kazi ya binti wa Mwaya, watawaachia binti zao nao waende chuo. Niliposikia hivyo sikulala vizuri. Majina ya wale wasichana niliyajua. Wawili tulikuwa tukichota maji pamoja.

Tukateremka na Mwalimu Salehe, ndege nyuma ya pikapu, tukipita baridi ya Tukuyu mpaka joto la Kyela likatupiga usoni. Siku ya pili uwanja ukajaa. Kina mama walikaa na kanga zao kwenye majani, watoto wamejipanga mpaka upande wa goli, kule kule ambako ndege ingepita ikinyanyuka. Baba yangu alikaa mbele kwenye kiti, karibu na mwenyekiti.

Injini ikawaka mara moja. Silensa ikatulia. Nikavuta mafuta yote, ikalia vizuri, watu wakapiga makofi. Lakini kuna kipimo Mwalimu Salehe alikuwa ametufundisha: ukiwa umeishika ndege imara, mwenzio anavuta mafuta yote, nawe unainua pua yake juu, kama inavyopanda hewani. Nikainua. Sauti ikaenda ikakonda, ikakonda, injini ikazima.

Tukaiwasha tena. Nikainua, ikazima tena.

"Ni joto tu," Asajile akaninong'oneza. "Ikishapata upepo itapona. Iachie, Tumpe, watu wanatutazama."

Mwenyekiti naye akasogea. "Binti yangu, wazazi wanangoja. Hata ikizunguka mara moja inatosha."

Nikatazama kule golini, wale watoto. Ndege ile ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga na kisu kinachozunguka puani. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Samahani wazee wangu. Leo hairuki."

Minong'ono ikaanza, kisha vicheko. Mzee mmoja akasema, "Ndiyo masomo yenyewe hayo," akanyanyuka. Wakaondoka wawili wawili, maana ilikuwa msimu wa kuvuna na kila mtu alikuwa ameacha mpunga shambani. Baba yangu aliondoka bila kunitazama. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikaenda nyuma ya pikapu nikalia.

Mwalimu Salehe akanifuata. Nilitegemea anipe pole.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Ungelia ungekuwa umemuua mtoto wa mtu. Hujaua. Injini imekwambia ina shida, umeisikia. Sasa kuisikia ni nusu ya kazi. Futa machozi, ulete bisibisi."

Nikaleta. Tukakaa chini watatu, na Asajile naye. Mwalimu akatuuliza, "Mbeya na hapa vimetofautiana nini?" Tukataja joto, tukataja unyevunyevu wa ziwa. Ndipo nikaona. Kule mlimani hewa ni nyepesi, nasi skrubu tuliibana ifuatane na hewa ile. Huku bondeni hewa ni nzito, injini inavuta hewa nyingi zaidi kwa petroli ile ile kidogo. Ilikuwa na njaa ya petroli.

Usidhani kujua kulitosha. Nilifungua skrubu ya resi, ikatoa moshi na kukohoa. Nikarudisha kidogo, nikaiacha ipate moto, nikainua pua, ikakonda. Nikafungua tena, kidogo kuliko unene wa ukucha. Mikono ilinuka petroli mpaka jioni, na tulipolala injini ilikuwa bado haijakaa sawa. Kulipokucha tukaanza upya. Nilikuwa nimeshaamua: siondoki Mwaya mpaka injini hii ipande.

Jua lilipokuwa limechomoza vizuri, nikainua pua, na sauti haikubadilika. Nikaishikilia hivyo nikihesabu mpaka mia. Haikubadilika.

Uwanja ulikuwa mtupu, tukarusha. Ndege ikakimbia kwenye majani, ikanyanyuka, ikapita juu ya goli na kuelekea mashamba ya mpunga. Mwanangu, watu wakasimama. Shamba baada ya shamba, wavunaji walinyoosha migongo, visu mkononi, wakatazama juu. Nikaizungusha juu yao, kisha nikaishusha taratibu ikatua.

Baba akaja kutoka shambani, miguu ina tope. Akaizunguka ile ndege akiitazama.

"Jana ilikuwa na nini?"

"Petroli ilikuwa haiitoshi, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Ulijua?"

"Nilijua ingezima hewani. Sababu nilikuwa sijaijua."

Akageuka kulitazama goli, akasema, "Wajukuu wa dada yangu walikuwa wamekaa pale golini." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtu mzima. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Tangu hapo hakuniuliza tena kuhusu harufu ya oili, na mwaka uliofuata nilipanda basi la Mbeya na wasichana wengine wa Mwaya, nao wakienda chuo.

Basi, mwanangu, usichague injini kwa nguvu zake. Ipime ndege yako kwanza, ujue inaweza kubeba nini, ndipo utafute injini ya kuifaa. Ukishaipata, irekebishe pale pale utakaporushia, kwa maana hewa ya mahali pengine haitakusaidia. Inua pua yake kabla hujaiachia, kila mara, hata kama jana iliruka vizuri. Ikikwambia hapana, nawe sema hapana, hata mbele ya kijiji kizima. Lakini ukishasema hapana usiende kulala na aibu yako. Chukua bisibisi, urudi kwenye kazi mpaka ikubali.

Mungu aitulize mikono yako na kuyafungua masikio yako. Akupe moyo wa kungoja na nguvu ya kutokata tamaa, na kila utakachokirusha kirudi chini salama.