Shanga za Sabuni

Sabuni ya mkono ina maringo. Unaikoroga mwenyewe, unaimimina mwenyewe, halafu inakufungia mlango usiku kucha, hata siku mbili, na hujui umefanya nini mpaka uikate. Nimeikata miaka mingi na bado moyo hunidunda kisu kikigusa. Lakini hakuna mche wa sabuni ulionitoa jasho kama ule nilioukata Noonkopir, mtaa wa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyuma ya nyumba tuliyopanga.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeletwa Kitengela na kazi kutoka magharibi. Sabuni nilifundishwa na akina mama wa kanisani, na kwa kuwa mwalimu hapendi kufundishwa, niliamini baada ya wiki mbili kwamba nimehitimu. Zangu zilikuwa nyeupe pe, za mafuta ya ng'ombe kutoka bucha. Zilitakatisha, na hazikuwa na cha kutazamwa.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kimaasai niliyemwita Yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wanawe. Maisha yake yote alikuwa ameshona shanga, hasa ile mikufu mipana ya maharusi. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, na uzi na tundu la sindano havikuonana tena mkononi mwake. Ubaya wa mambo, binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Rombo mwezi wa kumi na mbili, na mkufu wa bibi harusi hutoka kwa mamake. Mashangazi walikuwa wameshaanza kuushona wao. Yeyo hakulalamika, ila aliacha kuja kuota jua kwenye ukuta wangu, na hilo liliniuma kuliko kilio.

Nikampelekea kipande cha sabuni. Alikipapasa juu chini, kidole kikasimama penye kinundu.

"Ndani uko na nini hapa?"

"Ni mabaki ya sabuni ya juzi, Yeyo. Sikutaka kutupa, nikayazamisha kwa hii mpya."

Akakikwaruza kile kinundu kwa ukucha. "Ukizamisha ya rangi, itaonekana?"

"Ukikata, itaonekana."

"Basi iko mkufu naweza kumshonea."

Tulianza na nyekundu, maana bila nyekundu, alisema, hakuna kazi. Nikanunua rangi ya keki dukani. Nilipoikoroga iling'aa hadi nikapiga makofi. Asubuhi, soda ile kali ya sabuni ilikuwa imeiunguza yote, imebaki kahawia. Yeyo akauliza imetokaje. Nikamwangalia yale macho yake, huruma ikanishika, nikasema, "Imetoka vizuri sana."

Aliibeba hadi juani, akaisogeza kwenye pembe ya jicho ambako mwanga ulikuwa bado umebaki.

"Mwalimu, hii ni mavi ya ng'ombe. Na hata si ya leo." Akanirudishia mkononi. "Mimi nakosa macho. Wewe unakosa nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa nikichapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Kesho yake alikuja mwenyewe, akipapasa ukuta, na fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na olkaria, ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Mimi na cheti changu tukacheka kimoyomoyo: udongo, ndani ya sabuni! Lakini nilikuwa na deni la heshima, nikautia. Asubuhi nilifungua kisanduku nikaketi chini. Wekundu ulikuwa vilevile, haujatikisika. Soda iliyokula rangi ya dukani usiku mmoja ilikuwa imeushindwa udongo wa Mungu. Nilishika kile kipande muda mrefu nikihisi udogo wangu, na sikuona vibaya kuwa mdogo.

Baada ya hapo alichagua yeye, mimi nikatii. Buluu tulipata kwenye ile ya kusuuzia nguo nyeupe. Rangi ya chungwa ilitoka kwa bizari, nyeusi kwa makaa yaliyosagwa. Kijani kilikataa mara tatu. "Wacha," akasema. "Na huu ukame, hata nje haiko."

Kisha akaniamuru nizikate zote vijiti virefu, kila rangi na umbo lake: nyekundu iwe na pembe nne, nyeupe mviringo, buluu bapa, chungwa pembe tatu, nyeusi nyembamba kama njiti. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi atakavyoona.

Siku ya kumimina alikataa glavu. Alijipaka mafuta hadi viwikoni, nikaweka karai la maji karibu, roho mkononi. Nilimwaga sabuni nzito kama uji, yeye akalaza vijiti kwa urefu, tao juu ya tao. Vidole viliokota, vikauliza, vikakataa, vikaokota kingine. Mara moja alirudi nyuma vijiti vitatu kubadilisha kimoja. Mimi mwenye macho mawili nilikuwa nimeshapotea zamani.

Yule binti wa kuolewa alikuja Jumamosi kutoka kazini Nairobi. Nikautoa mche, nikakata kipande cha kwanza. Katikati ya weupe mlikuwa na mkufu mzima, tao ndani ya tao, kila rangi mahali pake. Kwa vile vijiti vililala kwa urefu, kipande cha pili kilikuwa nao, na cha tatu nao. Mikono ilikuwa imeshona mara moja, sabuni ikazaa kumi. Nililia bila haya.

Yeyo alinyoosha mkono, nikampa. Alipitisha kidole juu ya ule uso uliokatwa, mara moja, mara mbili, na uso wake ukabadilika. Kisu kilikuwa kimesawazisha yote, ikawa laini tu kama sahani.

"Imepotea," akasema. "Imeyeyuka yote."

"Iko, Yeyo. Haki iko."

Aligeuza kichwa. Nilijua kwa nini: nilishamdanganya mara moja. Akamnyooshea bintiye kile kipande.

"Soma."

Binti alisoma kwa Kimaa, kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi najua salamu tu za lugha hiyo, lakini nilimfuata kidole: nyekundu, nyeupe, nyekundu, buluu, chungwa, nyeusi, nyekundu tena. Polepole midomo ya mamake ikaanza kumtangulia, ikitaja rangi kabla haijatajwa, na kila mara wakakutana. Binti alipomaliza, alimrudishia mamake kipande.

"Soma ingine," mamake akasema.

Akasoma ya pili, halafu ya tatu. Alisoma vipande vyote kumi, neno kwa neno, na kati yetu hakuna aliyethubutu kusema vinafanana.