Kamanda Anayesoma Namba

Benki ile ilikuwa na sheria mbili za usalama, na waliozitunga bila shaka hawakuwahi kukutana. Ya kwanza ni ya zamani: mtumishi haingii kaunta na simu, asije akapiga picha saini za wateja au kuwapasha habari majambazi. Simu zote zinakaa mlangoni, kwenye droo ya mlinzi. Ya pili ililetwa na kijana wa makao makuu mwenye tai nyembamba. Alisema neno la siri peke yake halitoshi tena. Kila anayefungua kompyuta atatumiwa namba ya tarakimu sita kwenye simu yake, aiandike kabla dakika haijaisha, ndipo mfumo umkubali. Hata mwizi mwenye digrii atashindwa, alisema. Wakampigia makofi. Shangazi naye alipiga, maana chai ilikuwa inapoa.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kazini. Alikuwa keshia mkongwe kuliko rangi ya kuta, na jina likamganda. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na dua yake ilikuwa fupi: aage kwa heshima, apewe saa yake ya ukutani kama wenzake, aende zake bila barua ya onyo.

Asubuhi ya kwanza ya mfumo mpya aliandika neno lake la siri, akaisikia simu yake ikilia kule kwenye droo. Kati yake na droo palikuwa na milango miwili ya chuma, na wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge, nao ulijifunga kwa mwendo wa bibi harusi. Alipokwenda na kurudi, namba ilikuwa imeshakufa. Akajaribu tena, ikafa tena. Mara ya tatu mfumo ukamfungia nje hadi kesho yake, kwa usalama wake mwenyewe. Foleni ikafika barabarani, na matusi waliyomwagiwa siku ile hayakuhitaji neno la siri.

Kesho yake Shangazi alitumia akili aliyopewa na Mungu bila semina. Simu ilipolia, aliinama kwenye tundu la kioo akamwomba mlinzi amsomee namba inayoonekana. Mlinzi, ambaye wote walimwita Kamanda ingawa hakuwahi kuamuru hata paka, akasoma mbilimbili, polepole, kwa sauti ya kupanga foleni. Shangazi akaingia kwenye mfumo. Wenzake wakaona. Wiki haikuisha, tawi zima likawa linasomewa, meneja akiwemo, isipokuwa yeye, kwa heshima ya cheo, alisomewa kwa kunong'onezwa. Siku moja Kamanda alipaliwa katikati ya namba, na mzee mmoja, mteja wa kila siku, akachungulia droo akamalizia. Usalama ulikuwa umeimarika kweli.

Ndipo akaja mkaguzi. Kijana mpole wa sura, viatu vinang'aa, akasalimisha simu yake mlangoni kama sheria inavyotaka, na hazikupita dakika nyingi akamsikia Kamanda akisoma. Alimwambia palepale kwamba kufikia kesho hatakuwa na kazi, na tangu saa hiyo asithubutu kutamka namba ya mtu yeyote. Kamanda akasema sawa, mkuu. Alikuwa na watoto wanne na mshahara usiofika tarehe kumi, akasimama pale pale akiangalia buti zake.

Mkaguzi akawakusanya watumishi, akauliza ni nani wengine waliosomewa, maana ripoti ilikuwa na sehemu ya majina. Meneja alishangaa kuliko wote. Alisema hajawahi kusikia jambo la aibu namna hiyo. Wengine waligundua ghafla kwamba sakafu ni nzuri. Shangazi aliiona saa yake ya ukutani ikimponyoka, akanyoosha mkono.

"Niandike mimi. Ni mimi niliyemfundisha."

Hakuna mkono mwingine ulioinuka. Umoja ni nguvu, hasa wa kunyamaza.

Mkaguzi alikuwa ameagizwa aitume ripoti kwenye mfumo kabla hajatoka tawini, basi akaketi kwenye kompyuta isiyo na mtu, ubavuni mwa Shangazi. Akaandika neno lake la siri. Simu yake ikalia kwenye droo. Akainuka mbio, mlango wa kwanza ukajifunga kibibi harusi, akarudi na namba iliyokufa. Akaenda mara ya pili, akarudi amelowa kwapa. Ilibaki mara moja, na kesho yake alikuwa na tawi jingine mbali. Akaketi, akaandika tena neno la siri, akainama kwenye tundu la kioo.

"Kamanda, hebu nisomee."

Kamanda hakusogea. "Umenikataza, mkuu."

"Hii ni dharura."

Kamanda akamtazama Shangazi. Shangazi hakuacha kuhesabu noti zake.

"Msomee, Kamanda, ni mgeni wetu," alisema. "Na wewe, baba, kwenye majina ya waliosomewa, anza na langu, halafu lako. La meneja atalitaja mwenyewe."

Kamanda akasoma mbilimbili, polepole. Mkaguzi akaingia kwenye mfumo, akaifungua ile ripoti, akafuta zaidi ya alivyoandika, kuanzia sehemu ya majina. Alipoondoka alipokea simu yake kwa mikono miwili, akasema asante.

Jioni Kamanda alimfuata Shangazi mlangoni, akamlaumu: angeweza kupoteza hata kiinua mgongo chake.

"Sasa ningestaafu vipi na wewe umekaa nyumbani kwa ajili yangu?" Shangazi akamjibu, akachukua simu yake.

Mwisho wa mwezi tawi likatunukiwa cheti cha usalama. Meneja alitoa hotuba ndefu, kisha akakitundika mlangoni, juu ya droo.